Goti la Karafuu

Eksirei haikuona kitu. "Mfupa mzima," akasema Daktari Nyamvula,
na paka bado anachechemea ngazini, pale kwetu Kuze,
akiweka mguu chini kama anayeonja chai ya moto.

Basi tukavuka daraja la Nyali, kwenye mashine ya sumaku.
"Chuma chote kibaki nje."
Nikavua saa, pete, funguo za duka;
yeye akavuliwa njuga aliyomfunga marehemu Mwanasiti.
Sikuwahi kumwona bila hiyo. Kama yu uchi.

Sindano ikamlaza, ulimi nje kidogo.
Mashine ikagonga, ga-ga-ga,
kama mafundi bati wa Mwembe Tayari
wanaodaiwa kazi ya jana.

Kisha kiooni: goti, dogo kuliko korosho,
na ndani yake ukano,
uzi mweusi uliofumuka pindoni,
maji meupe yametuama kando.
Palipouma sasa pana sura.

Nyumbani dada akauliza bei. Nikataja nusu.
"Kwa paka!"

Sikumwambia kwamba goti langu la kushoto,
mwaka wa pili huu, halikunjiki vyema kwenye sijida.
Nalo halijapigwa picha.

Nikamrudishia njuga yake.
Ilipolia, alifumbua jicho moja.