Mvua ya Kukodi

Mhariri alinipigia alfajiri, mswaki bado mdomoni:
"Ambakisye, watu wa sinema wameingia Ikuti,
filamu fupi, dakika kumi na mbili tu,
wahi kabla wale wa Mbeya mjini hawajaamka."
Nikabeba kinasa sauti, betri mbili za kuazima
na koti la mvua, maana nani hutoka Kiwira
kwenda upande wa Tukuyu bila koti?

Koti lilikaa kwenye begi siku tatu.

Wageni walikuwa wameifuata mvua.
Waliambiwa huku inanyesha mpaka mawe yanaota ndevu.
Wakakuta jua limekaa juu ya Rungwe
kama mtu aliyekuja kudai deni lake,
migomba imenyooka, haina neno,
na mwongozaji, kijana mwembamba aitwaye Fikirini,
anatazama juu, anatazama saa, anatazama juu.

Sisi tukapata habari.
Tulikuwa redio tatu,
mmoja wa gazeti aliyekuja na shemeji yake,
na bwana wa televisheni ya mtandaoni
mwenye mwavuli wa rangi ya chungwa,
akaufungua hivyo hivyo.
Tulimhoji Fikirini. Tulimhoji mwigizaji.
Tulimhoji Afisa Utamaduni,
akasema "fursa" mara tisa, nilihesabu.
Watu walipotuishia
tukahojiana wenyewe kwa wenyewe.

Siku ya nne likaja boza la maji kutoka shamba la chai.
Bomba likapandishwa juu ya mparachichi,
na mvua ya kukodi, laki na nusu kwa saa,
ikaishukia nyumba ya Mama Subilaga.

"Kimya!"
Kijiji kikashika pumzi. Hata ng'ombe.
Mwigizaji barazani akalia vizuri sana,
machozi yake yakija kwa zamu,
la kulia kwanza, kisha la kushoto.

Mimi wenzangu walikuwa wamenisukuma
hadi dirisha la jikoni, nyuma, pasipo na picha.
Huko nikamwona mwenye nyumba
anainuka kwenye kigoda bila haraka.
Akatoa sufuria uvunguni, akaiweka pale.
Akatoa ndoo, akaiweka pale.
Bakuli la plastiki lenye ufa, karibu na mlango.
Gunia la maharage akalivuta kwa mguu
hatua mbili kutoka ukutani.
Hakutazama juu hata mara moja.
Alijua kila tone lilikozoea kushukia
kama ulimi unavyojua jino lililong'oka.

Bati halikuambiwa kwamba ni sinema.

Nikapenyeza kinasa dirishani.
Ti. Ti. To.
Ti.
"Mama," nikanong'ona, "unajisikiaje
kijiji chenu kuonekana?"
Akaweka kidole mdomoni:
"Nyamaza, mwanangu. Watu wako kazini."

Jioni habari ikasomwa: sekunde arobaini,
fursa mbili ndani yake,
Ikuti imetamkwa Ikutu.
Mhariri alinisifu. "Ila ile sauti ya mwisho,
ile ya ti-ti, nimeikata.
Ilikuwa kama mtambo una hitilafu."

Wiki iliyofuata ilinyesha siku sita mfululizo,
mvua yenyewe, ya bure, ya kubomoa daraja la miti.
Hakuna aliyenituma.

Nilikwenda Jumamosi, koti mwilini, kwa nauli yangu,
nikiwa na bakuli jipya nililonunua sokoni,
zito, la bluu, halina hata mkwaruzo.
"Ndaga," akasema. Akaligeuzageuza mwangani,
akaligonga kwa kucha, akacheka kidogo,
akalipanga maparachichi manne,
akaliweka juu ya kabati wageni waweze kuliona.

Lile lenye ufa lilikuwa karibu na mlango,
limejaa nusu.
Akalimwaga nje, akalirudisha mahali pake.