Arobaini na Moja

Majani ya mtipitipi ni matamu.
Wageni hawaliamini hili. Wao huona punje tu,
nyekundu, yenye doa jeusi kitovuni,
jicho la ndege linalokutazama
hata ganda likishakauka na kujipasua.

Shangazi Somoe alinifundisha kwa ulimi kwanza.
"Tafuna," alisema. Nikatafuna.
Utamu ulichelewa, ukaja kama mtu mwenye haya,
ukakaa kooni hadi tukafika nyumbani na kuni.
Kisha akanifungua kiganja, akaweka punje moja.
"Na hii?"
Nikainua mkono kuelekea kinywani.
Kofi lile, nikikohoa, nalisikia hadi leo.
"Jani ni la koo. Punje ni ya macho.
Ukisahau, usiseme umelelewa na mimi."

Kitangari, mwezi wa saba, kila mtu anakohoa.
Mabomba ya salfa yananguruma tangu alfajiri,
mikorosho inageuka manjano, na mbuzi, na nguo kambani,
hata uji una ladha ya kiberiti.
Ndipo mlango wetu unapojaa:
wenye vifua, wenye sauti zilizokwama,
na Chitanda mchongaji, asiyeumwa kitu,
anataka punje mbili za sura ya midimu.
Kinyago kisicho na macho, anasema, ni gogo lenye pua.

Sikudhani alikuja usiku,
amejitanda kanga mpaka puani.
Hakukohoa.
Aliomba punje.
"Za nini?"
"Za shanga."
Shangazi akasogeza kibatari.
Jicho la kushoto la Sikudhani lilikuwa limevimba,
jekundu, lenye doa jeusi katikati.
Mimi nilijifanya nimelala.
Nilisikia kimya kikichemka pamoja na sufuria.

Hakumwambia hapana.
Alichukua uzi, akazitunga mwenyewe,
akihesabu kwa sauti, moja baada ya moja,
akamfunga shingoni kwa fundo lake, la siri.
"Arobaini na moja. Kila Ijumaa nitakuja kuzihesabu."
Kisha akampa fungu la majani.
"Na haya ya Mfaume. Anapuliza salfa mashamba ya watu,
kifua chake nakisikia toka huku.
Mchemshie wewe, kwa mkono wako."
Sikudhani aliyatazama
kama mtu aliyeomba panga akapewa kijiko.

Ijumaa ya kwanza, arobaini na moja.
Ya pili, arobaini na moja,
na Mfaume kalala usiku kucha bila kukohoa.
Ya tatu, shangazi alimwambia, mbele ya mama yake mzazi:
"Mwanangu, katika nyumba hii mimi nahesabu vitu viwili."
Mfaume akaangalia mikono yake,
akaitia mifukoni.

Ya nne, arobaini.

Alirudia, kidole kikienda taratibu shingoni.
Arobaini.
Kikombe cha Mfaume kilikuwa kinafuka mvuke
juu ya kinu kilichopinduliwa.
Shangazi hakuuliza. Alikichukua, akanywa nusu, akakaa.
Tukakaa wote. Kuku wakapita.
Mfaume aliuliza kuna nini, hakujibiwa.
Sikudhani hakupepesa macho hata mara moja,
na mimi sikujua kama hiyo ni hofu
au ni mtu anayetaka aaminiwe.
Jua lilipofika mlango wa choo
shangazi akainuka, akafuta midomo.
"Umezidisha majani," alisema.

Alikufa miaka tisa baadaye, kwa uzee, si kwa kingine.
Mfaume alihamia Nachingwea na kifua chake.
Punje ile sijui ilikwenda wapi,
Chitanda aliapa hakuigusa.

Uani kwa Sikudhani, nyuma ya jiwe la kufulia,
mtipitipi umepanda ua wa mianzi.
Huenda ni ndege. Huenda ni mkono.
Mwezi wa saba ukifika ananiita nikachume.
Nachuma majani tu.
Yeye hukaa kizingitini, hasemi neno,
na midomo yake naiona inahesabu.