Chakula cha Kaimu

Nilimwita Kaimu kwa sababu wiki ile ile
tulipomaliza arobaini ya mume wangu
alipanda kwenye kiti chake cha kamba, akajikunja,
akatutazama kama mtu aliyekwisha kusaini mkataba.

Hapa Magomeni Kota, ghorofa ya tatu,
paka hula alichoachiwa:
ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa,
mchuzi wa jana.
Paka ni paka, husema Bi Sikujua wa mlango wa pili,
nani aliwahi kumwona paka na daftari la kliniki?

Mimi ninalo. La kijani. Limeandikwa
sukari kumi na moja nukta nne,
na chini yake: punguza wanga.
Mwanamke wa Ifakara kuambiwa apunguze wali
ni sawa na kuambiwa apunguze jina.

Jumanne moja Kaimu aliingia kwenye beseni lake la mchanga,
akachuchumaa, akalia
sauti nyembamba kama bawaba ya kabati.
Akatoka. Mchanga mkavu.
Akarudi. Mkavu.

Nikamtia kikapuni, nikamfunika kanga,
bajaji mpaka Temeke, kwa daktari wa mifugo,
kijana, Nkwabi, mikono yake inanuka spiriti.
Alipokwisha kumtoa mkojo kwa mrija
aliuliza, Mama, huyu anakula nini?
Nikajibu kama niko mbele ya hakimu:
dagaa wa chumvi. Ugali. Maziwa asubuhi.
Na kitumbua, akililia.

Hakucheka. Alisema paka si sisi,
tumbo lake limeumbiwa nyama,
unga humjaza tu bila kumjenga;
maziwa yanamharisha, na kitunguu ni sumu kwake
hata kile kilichoyeyuka mchuzini usikione.
Na maji, Mama. Chakula chake kiwe na majimaji.
Sikuwa na karatasi. Niliandika
nyuma ya daftari langu la kijani,
wanga wangu upande huu, wanga wake upande ule.

Nilifundisha hesabu miaka ishirini na sita.
Kopo moja dukani Masaki, dogo kama la kiwi ya viatu,
elfu sita. Mara siku thelathini.
Pensheni yangu ikakohoa.

Basi Shekilango, kwa wauza kuku,
mioyo na firigisi kwenye mfuko mweusi,
ini kidogo tu, lisizidi, alisema.
Nachemsha bila chumvi, nakatakata,
natia na supu yake,
na kiganja cha chakula cha paketi
kwa yale ambayo sufuria yangu haiyajui.

Siku ya kwanza alinusa, akaparuza sakafu
kama anayefukia kinyesi,
akaenda kupiga hodi kwa Bi Sikujua.
Akapewa dagaa.
Nilipokwenda kulalamika, aliniuliza, taratibu,
Unampikia paka mioyo ya kuku,
wajukuu zako wanakula maharage?

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Ila nitasema hili. Marehemu
alikuwa akitia chumvi kabla ya kuonja.
Presha ikapanda, tukajua, tukanyamaza.
Akinyoosha mkono, mimi ndiye
niliyemsogezea kichupa, miaka thelathini na moja,
nikidhani huko ndiko kupenda.

Sasa Kaimu anakula, kwa shingo upande, lakini anakula.
Kila alfajiri nachungulia beseni,
naona bonge la mchanga uliolowa, kubwa kama limau,
nasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu, na ufagio mkononi.
Kisha nakaa na bakuli langu la mchicha na samaki wa kuchemsha.
Yeye ananitazama kutoka kwenye kiti.
Sukari imeshuka mpaka tisa.
Kitumbua kimoja nimekificha kabatini,
na yeye anajua ni rafu ipi.