Kinachotoka kwa Nyuma

Lilipanda Igoma kabla jua halijagusa bati,
Isuzu kuukuu la dagaa,
likiburuta nyuma yake shuka jeupe
refu, lisilo na pindo.
Muuza uji akafunika sufuria kwa mfuniko,
kisha juu ya mfuniko akaweka kanga.

"Ni baridi tu, fundi," akasema Lusangija,
hajazima, hajashuka.
"Likipata moto litaacha."

Nikaweka jiwe chini ya gurudumu
(Mwanza mtu hakosi jiwe)
tukangoja lipate moto.
Uji ukaisha. Jua likashuka ukutani, likafika miguuni petu.
Halikuacha.

Moshi mweusi ningeusoma kwa mbali:
huyo mlafi, anakula kuliko anavyovuta.
Wa bluu, mlevi wa oili.
Mweupe ndio hunikalisha chini,
maana huja na Kulwa na Doto, sura moja:
dizeli isiyoungua,
au maji yaliyopita pasipo njia.
Mama yao huwatambua kwa pua.
Nikachutama kwenye ekzosi.
Macho hayakuwasha. Mafuta mabichi sikuyasikia.
Nikakinga kiganja:
kikarudi na jasho ambalo si langu.

Hata hivyo pua ni shahidi mmoja.
Nikalegeza nati za nozeli, moja baada ya moja.
Ya kwanza, injini ikayumba, ikakohoa.
Ya pili, ikayumba.
Ya tatu —
kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Tajiri akapiga simu kutoka Bunda.
"Ananichanganyia mafuta ya taa huyo! Mbane!"
Nikamwambia gari bado linaongea,
nikimaliza kulisikiliza nitampigia.

Nikachomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa.
Rejeta sikuigusa.
Haifunguliwi mdomo ikiwa na hasira;
nina kovu begani lililonifundisha.
Tukaiacha ipoe hadi adhuhuri,
na muda wote huo Lusangija
alifuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Nilipofungua
sikukuta yale maji ya kijani ya dukani.
Nilikuta ziwa.
Mzizi wa gugumaji, mwembamba kama unywele wa mtoto,
na konokono mmoja, mdogo kuliko punje ya mtama.

"Unaongezea wapi?"

Akatazama barabara.
"Lamadi, galoni moja.
Darajani Simiyu, mbili.
Magu, kama kuna giza.
Kisesa nina kopo langu."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli.
Lilichemka siku moja na mzigo mgongoni.
Nikapiga simu. Nikaambiwa
dagaa hawasubiri, mzigo ufike.
Ukafika.
Sasa hedi ikiwa imepasuka, fundi,
nitaikatwa mshahara mpaka mwanangu aoe."

Kwa hiyo kila usiku, miezi mitatu,
amekuwa akilinywesha Nyanza kwa kopo
nalo linaipumua njiani, mawingu kwa mawingu,
watu wa Magu wakifunga madirisha.

Nikapiga simu.
"Gasketi ya hedi, tajiri. Imeungua silinda ya tatu.
Hedi yenyewe naipeleka ikapimwe, isije ikawa na ufa."
"Nani kaiua?"
Spana namba kumi na tisa ilikuwa mkononi, nzito.
"Siku ile ilipochemka," nikauliza,
"nani alisema mzigo ufike?"

Nikasikia pumzi yake. Nikasikia mbuzi, upande wa kwake.
Kisha: "Fungua. Tutaongea bei."

Hakusema mengine, nami sikumdai.

Tukaanza na boliti za pembeni, kutu juu ya kutu,
Lusangija akishika taa ingawa ulikuwa mchana.
Konokono nilimtoa kwa ncha ya bisibisi.
Lilikuwa gamba tupu.
Akaniomba.
Akaliosha kwa uji wa mwisho wa maji ya kopo lake,
akalitia mfuko wa shati,
pale anapoweka leseni.