Bango la Mapokezi

Lilikuwa mkono wa kushoto, juu ya mashine ya maji,
herufi nyeusi, fremu ya bati:
Ukija na dharura, utapimwa.
Ukija na uchungu wa uzazi, utapokewa.
Hata kama huna bima. Hata kama huna senti.
Miaka kumi na tisa niliketi chini yake,
mimi, Verlene Stroud, karani wa zamu ya usiku,
nikilipangusa vumbi la ngano kila Julai
mashine za kuvunia zilipopita.

Nitasema na hili, maana hakuna aliyeniuliza:
sheria ilikataza kudai kadi kabla ya daktari.
Basi hatukudai. Tuliweka tu fomu magotini
na kalamu iliyofungwa uzi,
"jaza utakapoweza, mpenzi,"
na mstari wa tatu ukauliza badala yetu.
Nilimwona kijana wa machinjioni, mkono umeviringwa taulo,
akifika kwenye mstari huo, akiinua macho,
akisoma bango, akisoma uso wangu,
kisha akaenda zake.
Bango lilisema kaa. Uso wangu sijui ulisema nini.
Matone ya damu yalikuwa manne hadi mlangoni.
Najua, kwa kuwa ni mimi niliyeyapiga deki.

Hospitali ilifungwa Ijumaa ya pili ya Februari.
Haikufungwa na adui; ilifungwa na hesabu.
Waliuza vitanda, waliuza mashine ya eksirei,
hata saa ya ukutani ilibandikwa bei.
Bango halikubandikwa.
Nani anunue kilichokwisha ahidiwa bure?

Machi, saa nane usiku, theluji ya mwisho,
Otis Krehbiel aliamka ameshika kifua.
Adeline, mkewe, alikuwa amejifungua watoto watatu
nyuma ya mlango ule ule;
miguu ilimpeleka kabla akili haijamwambia.
Akagonga. Taa za gari zikapenya kioo,
zikatua ukutani,
naye akasoma, neno kwa neno,
kama mtu anayesoma barua ya aliyemposa:
Utapimwa. Utapokewa.
Aliyeitika ni mbwa wa jirani.

Ambulensi ya kaunti ni moja
na usiku ule ilikuwa kwingine, kwa bibi aliyeanguka bafuni.
Chumba cha dharura cha karibu: maili sitini na mbili.
Otis alizungumza hadi maili ya arobaini na moja.
Alizungumzia pampu ya kisima,
kwamba isiachwe ikagande.

Watu wakasema sheria imevunjwa.
Akaja wakili kutoka mjini, akanywa kahawa yangu,
akafungua kompyuta, akaifunga.
"Hapana," akasema, "haikuvunjwa.
Inaikataza hospitali kumfukuza mgonjwa.
Haiiamuru hospitali iwepo."
Adeline akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya mayai:
"Basi mume wangu alifukuzwa na nani?"
Wakili akaangalia ndani ya kikombe.
Kahawa ilikwisha kitambo.

Nina ufunguo ambao hawakukumbuka kuudai.
Jana niliingia, nikapanda ndoo, viti vimeshauzwa,
nikalishika bango nilitoe.
Nyuma yake ukuta ni mweupe bado, pembe nne safi,
mahali pekee ambapo miaka haikugusa.
Nikashindwa. Nikalirudisha,
limekaa upande kidogo.
Chini yake nikabandika karatasi, kwa mwandiko wangu,
ikitazama nje, kwenye kioo, herufi kubwa za kusomeka kwa taa za gari:

HAPA HAKUNA MTU.
USIZIME GARI.
MASHARIKI, MAILI SITINI NA MBILI.

Kisha nikaongeza namba yangu ya simu.
Sina dawa. Sina cheti.
Nina gari tu, na tangi nalijaza kila jioni.