Ishirini Kasoro Moja

Bando la saa moja: ishirini kasoro moja.
Ile shilingi inayobaki hainunui hata peremende.
Naliweka saa tatu usiku, watoto wakishalala,
ungo wa maharagwe mapajani,
simu nimeiegemeza kwenye gorogoro.
Mkono wa kulia unachambua rosekoko,
gumba la kushoto linachambua dunia.

Mwezi Machi nikajiuliza, kama mchuuzi yeyote wa Luanda:
pesa hii imeleta nini nyumbani?
Nikachukua daftari la Ayuma lililobakiza kurasa,
nikapiga mstari katikati kwa rula yake.
Huku nilichoona,
kule nilichopata.

Jumatatu. Wawili wanatukanana juu ya mtu wa tatu.
Simjui hata mmoja wao. Nilikaa nao dakika arobaini.
Nilichopata: shingo kuuma.
Jumanne. Andeyo, wa dawati moja nami darasa la sita,
yuko Doha, friji ina milango miwili na inatema barafu.
Nilichopata: nilimfokea mume wangu kwa sababu ya kibiriti.
Jumatano. Mbuzi anayecheza ngoma.
Nilicheka. Nikaandika: kicheko,
maana hesabu ya uongo humla mwenyewe.

Basi nikaanza kutoa mawe.
Si kazi ya kelele. Unabonyeza, anakwenda,
wala hajui kama alikuwa kwako.
Andeyo sikumtoa. Nilimpigia.
Alilia kabla sijamaliza salamu.
Friji ni ya mwajiri.

Nikambakisha Nekoye wa Chwele, mwenye sauti ya kukwaruza:
mtungi mkavu, nafaka kavu, mshumaa juu yake,
uwashe, ufunike, ukaze kwa mpira wa baiskeli;
mwali utakula hewa yote ufe,
na fukusi afe nao.
Magunia mawili yamefika Agosti bila tundu.
Hapo nilipiga mistari miwili, nyekundu.

Sasa kuna huyu Mbuthia.
Yuko Nakuru. Mlinzi wa usiku, nadhani; hajasema.
Kila alfajiri anapiga picha ya Menengai
kupitia dirisha lile lile lenye ufa,
na chini yake neno moja, mawili:
Ukungu. Au: Leo unaonekana. Au: Nimechelewa.
Hafundishi kitu, hauzi kitu,
haniombi nimsambaze kwa watu kumi.
Mara sita nimepeleka kidole kwenye jina lake,
mara sita kimerudi kwenye ungo.

Wiki iliyopita, siku nne, kimya.
Siku ya tatu nilimpimia mteja gorogoro mbili kwa bei ya moja,
akazirudisha mwenyewe, akaniuliza nani anaumwa.
Nikasema hakuna.
Siku ya tano, picha. Ufa umebandikwa karatasi ya gundi.
Nilikuwa nimelazwa. Ukungu.

Nikafungua daftari.
Huku nikaandika: Mbuthia, ukungu.
Kule kalamu ikasimama.
Bando likakata, mlima ukaganda kwenye kioo,
nami nikaendelea kuutazama bure,
maharagwe yakiningoja.

Asubuhi Ayuma, anayependa kunisahihisha,
akaweka kidole kwenye pengo.
Mama, hapa umesahau kujaza.
Nikamwambia avae viatu, kengele italia.
Sijasahau.