Kivuli cha Herufi Saba

Jezi yangu ya zambarau haina jina mgongoni.
Nililifumua mwenyewe, Oktoba ile,
kwa wembe, uzi kwa uzi:
S, T, U, L, G, Y, S.
Nikazitia jikoni kwenye kuni, zikanuka plastiki
nyumba nzima, mama akafungua madirisha akiuliza
hivi wewe una umri gani.

Lakini jua la miaka sita lilikwisha kukipausha kitambaa,
na pale herufi zilipokaa, zambarau ni mbichi.
Ukisimama nyuma yangu, bado unamsoma.

Leo mchezo wa tano. Mbili kwa mbili.
Juni ya Kaunas, saa nne usiku,
na mwanga umegoma kulala.
Shemeji Kęstas amekuja kutoka Vilnius
na skafu yao nyekundu. Anakula mkate wetu mweusi
uliokaangwa kwa kitunguu saumu, anausifu, anaongeza.
Nimempa kiti chenye mguu unaolegea.

Mimi si mtu wa kinyongo. Nina orodha tu.
Refa wa mwaka juzi yumo.
Yumo mtangazaji anayeitamka timu yetu
kama aliyemeza mbegu.
Dada yangu yumo, kidogo, kwa kuolewa huko.
Na juu kabisa, Tautvydas,
aliyekunywa supu ya bitiruti mezani petu kila Jumanne,
aliyejifunza kutupa nyuma ya banda la tufaha,
kwenye pete ya pipa
baba aliyoipigilia kwa misumari ya reli.
"Kunja magoti, kijana. Mikono ni ya kuagia tu.
Mpira unatoka ardhini."

Baba alifariki Machi.
Tautvydas alihamia kwao Septemba.
Mmoja wao naweza kumzomea.

Sekunde nne. Tunaongoza kwa pointi moja.
Kipenga. Mitupo miwili ya adhabu, na mtupaji ni yeye.
Ukumbi mzima unapiga miluzi,
nami sebuleni naipigia runinga, vidole viwili mdomoni,
mpaka mbwa wa jirani anajibu.
Anaudundisha mara tatu. Anapumua.
Mara nagundua
magoti yangu yamekunjika.

Yake hayakukunjika.
Wa kwanza unagonga chuma.
Wa pili unazunguka ukingoni kama sarafu
isiyojua imdondokee nani,
unatoka nje.

Mabingwa! Honi mtaani, mama anagonga sufuria,
Kęstas kajifunika uso kwa skafu.
Na mimi, bingwa, niko wima mbele ya kioo
namfokea mtu wa futi sita na nusu:
Magoti! Magoti, mjinga wewe!
Nani alikufundisha kutupa
umesimama kama mlingoti?

Kamera inamfuata mpaka mlangoni, kisha inamwacha.

Nageuka kuchukua sahani.
Nyuma yangu Kęstas ananyamaza muda mrefu.
"Linasomeka," anasema.

Naenda kumletea kiti kingine.